Mimi Mzima: shajara ya mradi wa barua za majeruhi

Lubumbashi, 11 Mei 2024

Tumeanza. Tuko wanne. Mimi nafundisha historia na Kifaransa. Yaya (kwetu yaya ni ndugu mkubwa) ni fundi wa redio na simu huko Kamalondo, ndiye mwenye rikoda. Yuko binti wa mwaka wa sita sekondari mwenye sauti ambayo hata dereva wa basi huipunguzia muziki. Na yuko papa, yaani baba, katekista, mstaafu, kazi yake kutunyoosha Kiswahili kikianza kupinda kuelekea Kifaransa, jambo ambalo katika mji huu hutokea kabla ya chai ya asubuhi.

Kazi yenyewe ni vipindi sita vya sauti, dakika ishirini kila kimoja, vitembee kwenye simu za watu kama yanavyotembea mahubiri na vichekesho. Habari yake ni barua kati ya askari majeruhi na wanawake raia waliojitolea wakati wa vita: waliowaandikia, walioandika kwa niaba yao, waliowasomea.

Wazo lilizaliwa kilioni. Mwezi wa kwanza, usiku wa pili wa matanga ya jirani huko Katuba, wamama wakiwa wameizunguka mbabula, jiko la makaa, mtu akataja vita vya Kolwezi, mji wa migodi. Mama mkubwa, dada ya mama yangu, akasema bila kuinua macho kwamba mwaka 78 yeye na wamama wa parokia walikuwa wanapeleka chakula hospitali kwa askari waliojeruhiwa kule, na kwamba yeye ndiye aliyekuwa "mukono ya barua". Nimekulia nyumbani kwake, sikuwahi kulisikia. Nikamwuliza alikuwa anaandika nini.

"Maneno ya barua," akasema, akaomba chai.

19 Mei

Wiki nzima nimesoma habari za wanawake ambao Wafaransa waliwaita *marraines de guerre*. Kwetu mareni ni mtu wa ubatizo na wa harusi. Ndiye anayekaa pembeni ya bibi harusi akiwa amevaa kitambaa kilekile, na ndiye anayeitwa usiku ndoa ikianza kutoa moshi. Sasa Wafaransa wakawatafutia askari mareni wa vita.

Sababu ilikuwa ya posta. Mwaka 1914 Wajerumani waliikalia karibu Ubelgiji yote na kaskazini ya Ufaransa. Askari waliotoka huko walijikuta upande mmoja wa mstari wa vita, mama zao upande wa pili, na barua haivuki. Tangu Agosti ya mwaka huo askari wa Ufaransa walikuwa wanaandikiana na jamaa zao bila kulipa stempu ya posta, kwa hiyo barua zilimiminika kila siku. Wale wa maeneo yaliyokaliwa walisimama pamoja na wenzao jina baada ya jina likiitwa, wakarudi mikono mitupu. Wabelgiji nao, waliobakiwa na kipande chembamba cha nchi yao nyuma ya mto Yser, hali ilikuwa hiyohiyo. Januari 1915 mwanamke mmoja, Marguerite de Lens, akaanzisha chama kilichoitwa La Famille du Soldat: kila mwanamke achukue askari mmoja asiye na mtu, amwandikie, amtumie soksi, tumbaku, kitu cha kutafuna. Akijeruhiwa, barua zimfuate hospitali.

Halafu mambo yakachanganyika. Magazeti ya burudani, La Vie parisienne likiwa mojawapo, yakaanza kuchapa matangazo ya askari wanaotafuta mareni, na tangazo la namna hiyo halikusema "natafuta mama". Wapo waliojikusanyia mareni kadhaa, kila mmoja na kifurushi chake. Wakubwa wa jeshi wakaingiwa na hofu ya wapelelezi.

Binti alicheka mpaka akashika ukuta. Papa katekista hakucheka. "Mareni ni mama," alisema. "Mama hachumbiwi."

Tulikaa saa nzima juu ya neno. "Mama wa vita" linasikika kama mwanamke aliyeianzisha. "Mama wa ubatizo wa vita" ni treni. Tumebaki na mareni, kwa sababu mji mzima unalijua.

Jambo la pili nililoliandika pembeni kwa wino mwekundu: barua za askari zilizohifadhiwa ni nyingi, za wanawake ni chache mno. Mwanamke aliziweka kwenye droo. Askari alizibeba kwenye mkoba, mvua ikanyesha, akachoma nyingine kabla ya kupanda mstari wa mbele, akabebwa kwenye machela na mkoba ukabaki. Yaya alilisikia hilo akasema, "Basi tunasikiliza simu upande mmoja tu." Ndivyo ilivyo.

25 Mei

Esansi ya jenereta imekula nusu ya sanduku letu. Hatujarekodi hata neno moja.

2 Juni

Leo tumehangaika na kadi moja tu, nayo ina mistari isiyofika kumi na tano.

Ni kadi ya posta ya jeshi la Uingereza, ya vita vya 1914 hadi 1918. Sentensi zimekwisha kuchapwa. Askari anakata zile asizozitaka, anaweka tarehe na sahihi. Akiongeza neno lolote lake mwenyewe, kadi inaharibiwa. Onyo hilo limeandikwa palepale juu. Mstari wa kwanza unasema kwamba yeye ni mzima kabisa. Unaofuata ni wa mtu aliyelazwa hospitali, achague: mgonjwa au amejeruhiwa. Kisha: anaendelea vizuri, au anatumaini kutoka karibuni. Chini kabisa kuna mistari ya manung'uniko, yaani sijapata barua yako siku hizi, au kwa muda mrefu. Hata lawama ilichapwa kiwandani.

Papa aliigeuza nakala niliyomchapia, akaangalia nyuma, akairudisha. "Salamu ziko wapi?"

Hazipo. Hilo ndilo lililotukwamisha. Barua ya Kiswahili, kama tulivyofundishwa wote, huingia kwa mlango wa salamu: baada ya salamu, mimi mzima wa afya, wasiwasi ni kwako wewe uliye mbali na upeo wa macho yangu. Ndipo habari ije. Na kama kuna msiba, msiba unakuja mwisho, baada ya kuwataja majirani wote kwa majina. Mtu akiletewa barua inayoanza na habari yenyewe, anajua kabla ya kuisoma kwamba kuna aliyekufa. Ukiisoma kadi hii kwa Kiswahili redioni bila salamu, msikilizaji wa Katuba ataanza kulia kwenye mstari wa kwanza, ule unaosema mtu ni mzima.

Kisha likatoka lingine. Mzima ni mwenye afya, mzima ni aliye hai, mzima pia ni kitu ambacho hakijapungua: mkate mzima, sahani nzima. Mtu aliyekatwa mguu anaanzaje barua yake? Binti alisema aandike tu, ni desturi, hakuna anayeisikia. Papa alisema mke wake ataisikia. Tumeahirisha.

9 Juni

Kipindi cha pili kinahusu mikono ya kuazima.

Desemba 1862 Louisa May Alcott, aliyekuwa bado hajapata jina, alifika Georgetown, Washington, kwenye hoteli iliyogeuzwa hospitali, majeruhi wa mapigano ya Fredericksburg, katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, wakishushwa kwenye magari. Aliosha watu, akalisha, na saa zilizobaki akaandikia barua wale wasioweza kushika kalamu. Aliona kwamba kazi ngumu kuliko zote ilikuwa kujibu barua za jamaa zinazofika baada ya mtu kufa. Baada ya wiki kama sita alishikwa na homa ya matumbo, akatibiwa kwa dawa yenye zebaki, akarudishwa kwao. Mradi wetu ungeweza kuishia kwake. Ameandika vizuri na ana ucheshi. Lakini Alcott ni mwandishi, anajua kujipa nafasi. Mimi nawatafuta wale ambao mkono wao hauonekani kwenye barua.

Nimemwongeza Bourne kwa sababu yaya alimpenda. William Oland Bourne, mhariri wa New York, mwaka 1865 alitangaza mashindano ya mwandiko kwa askari waliopoteza mkono wa kulia: waandike kwa wa kushoto, zawadi zote pamoja dola 1,000. Barua zilikuja kwa mamia, nyingine maridadi kupita mwandiko wangu wa ubaoni. Sasa kwetu, kumpa mtu kitu kwa mkono wa kushoto ni matusi. Binti akauliza kama barua ya mkono wa kushoto nayo ni matusi. Papa akajibu kwamba Mungu hakagui bahasha. Nimeomba jibu hilo libaki kwenye kipindi.

15 Juni

Baridi. Umeme hakuna tangu Jumanne. Tumekula kikanda, kile chakula cha mizizi ya porini, tumerudi makwetu.

23 Juni

Leo ni siku ya uchungu kidogo, nami sitaifupisha.

Nilikuwa nimejiuliza tangu mwanzo: hawa mareni na wauguzi wa kujitolea, je, askari wa makoloni nao waliwapata? Jibu linategemea ulilala hospitali gani.

Brighton, pwani ya Uingereza, jumba la kifalme liitwalo Royal Pavilion lilikuwa hospitali ya askari wa Kihindi kuanzia Desemba 1914 hadi mwanzo wa 1916. Walitunzwa vizuri, majiko tofauti kwa dini tofauti. Lakini mwaka 1915 gazeti moja likachapa picha ya muuguzi Mwingereza amesimama karibu na majeruhi Mhindi, na ofisi za jeshi zikatetemeka kuliko zilivyotetemeka kwa mizinga. Wauguzi wanawake wakaondolewa kwenye kuhudumia vitanda, wakabakiziwa usimamizi. Ruhusa za kutoka mjini zikabanwa. Hofu ilikuwa hiyohiyo ya papa katekista, ila papa anawaogopea mama, wao waliogopea himaya.

Na barua zao? Wengi hawakujua kuandika, wakawaambia waandishi. Kisha barua zilipita kwa wakaguzi, wakatafsiri vipande kwa Kiingereza ili wakubwa wajue askari wanawaza nini. Barua zenyewe zilikwenda zao Punjab na kwingineko. Vipande vya tafsiri ndivyo vilivyobaki London. Kwa hiyo tukisoma leo maneno ya majeruhi wa Brighton, tunasoma maneno aliyomwambia mwandishi, yaliyogeuzwa na mkaguzi, nami nayageuza tena. Mikono miwili na wangu wa tatu.

Upande wa Ufaransa nimempata mwanamke ninayetamani angekuwa jirani yangu. Lucie Cousturier, mchoraji, alikuwa na nyumba Fréjus, kusini, ambako jeshi lilikuwa linawapeleka wale walioitwa askari wa Senegal, hata kama wametoka Guinea au Sudan ya Kifaransa (Mali ya leo), wapumzike kutokana na baridi. Kuanzia 1916 kambi zikaizunguka nyumba yake. Akaanza kuwafundisha kusoma na kuandika, mezani kwake. Na mwaka huohuo jeshi lilikuwa limetoa kijitabu cha kuwafundisha Kifaransa kilichovunjwavunjwa makusudi, vitenzi bila nyakati, kana kwamba vinywa vyao haviwezi zaidi. Lucie alikataa hilo. Wanafunzi wake walipoondoka walimwandikia, kwa Kifaransa chao wenyewe. Mwaka 1920 alitoa kitabu juu yao, na 1921 akafunga safari mpaka Afrika Magharibi kuwaona makwao.

Nilipowasomea hili, papa alinyamaza, kisha akasema, "Lingala ya kambi." Sikuhitaji maelezo. Kila aliyekulia karibu na kambi ya jeshi katika mji huu anakijua Kilingala cha amri: simama, toa, lala chini. Lugha yenye nyimbo tamu kuliko zote nchini, sisi wengine tuliifahamu kwanza kwa mlango wa amri.

30 Juni

Sikukuu ya uhuru, tumegombana.

Yaya anataka binti asome majibu ya wanawake. Nikamwambia majibu hayapo. "Tunga," akasema. "Unajua mareni angesema nini. Mpendwa mwanangu, nimepokea barua yako, soksi zimefika?" Nikakataa. Akaniambia historia yangu ni kavu kama kikanda kisicho na pilipili, na kwamba mtu aliyepanda basi kutoka Ruashi hatasikiliza dakika ishirini za wanaume wakiongea na ukuta.

Hakukosea kuhusu ukuta. Lakini wanawake hawa wameshaandikiwa mengi na watu wengine. Walichorwa kwenye kadi za posta kama malaika, wakachorwa kwenye magazeti ya Paris kama wachumba. Nikiwatungia na mimi, nitakuwa wa tatu kwenye foleni hiyo. Tumeafikiana hivi: pale jibu lingekuwepo, tuache sekunde kumi za kimya. Yaya alikubali kama mtu anayekubali kunywa kwinini.

7 Julai

Mama mkubwa amekubali kuzungumza, kwa sharti nisimtaje jina na nisimkatize. Tumekaa uani kwake, jua la Julai lisilochoma, yeye akichambua mchele muda wote. Rikoda ilikuwa ndani ya kofia ya yaya ili isimtishe. Nimeandika hapa yale ninayoona yatafaa, kwa mpangilio wake yeye, ambao si mpangilio.

Alikuwa na miaka 24, amesoma kwa masista, mwandiko mzuri, anajifunza kushona. Wamama walikwenda mara mbili kwa wiki na bukari (ugali) na sombe katika sahani zilizofungwa kwa kitambaa. Askari wengi walikuwa watu wa mtoni, wa jimbo la Équateur na wapi, wakalalamika: bukari ya mahindi inakwama kooni, wanataka kwanga na samaki. "Mutu eko na risasi ndani ya bega, anakatala bukari!" Hilo bado linamkasirisha.

Yeye alikaa juu ya beseni lililogeuzwa, kati ya vitanda viwili, na daftari la shule na kalamu ya biki. Karatasi mbili kwa kila mtu, basi, maana daftari lilikuwa la mdogo wake. Barua haikupita posta: ilipewa mtu yeyote anayepanda ndege au treni, na huyo akampa mwingine.

Shida ilikuwa Kilingala. Alikuwa amejifunza kwa nyimbo. "Nilijua *motema*, nilijua *bolingo*. *Mpota* sikujua." Moyo na mapenzi alivijua, kidonda, hapana. Majeruhi wakawa wanamfundisha neno kisha wanamwambia aliandike. Kuna mmoja alimfundisha neno la mfupa kwa kugonga wake.

Barua zote zilianza sawa. Salamu kwa baba, salamu kwa mama, kwa wadogo kila mmoja na jina lake, kwa jirani wa kulia, kwa jirani wa kushoto, kwa mwenye duka ambaye bado anadaiwa, aambiwe asichukue baiskeli. Ukurasa wa kwanza unaisha hapo. Yeye alikuwa anahesabu mistari, anamwambia, papa, karatasi inakwisha, haujasema kitu. Naye anajibu kwamba amekwisha kusema.

Nilimwuliza kama waliwahi kupata majibu. Mara moja tu, akasema, na lilikuja kwa mdomo. Mke wa koplo mmoja aliona mwandiko, akajua ni wa mwanamke, akatuma neno kwa msafiri: huyu anayeandika vizuri hivi ni nani huko? Koplo akamlilia mama mkubwa. Basi katika barua iliyofuata akaongeza mstari wake mwenyewe, mstari pekee aliowahi kujiandikia katika barua zote zile: kwamba anayeandika ni mama mzee, mwenye wajukuu. Alicheka mpaka mchele ukamwagika. "Mi, na miaka makumi mbili na ine!"

Ndipo nikamwuliza juu ya neno mzima. Sikumweleza shida yetu, niliuliza tu barua ilianzaje kabla ya salamu.

Aliacha kuchambua. Akasema katika Kilingala wanaandika *nzoto kolongono*, mwili uko salama, na yeye aliiandika mara nyingi bila kufikiri. Siku moja alikuwa na kijana aliyekatwa mguu juu ya goti, siku ya nne au ya tano tangu akatwe. Kijana akaanza: *nzoto kolongono*. Mkono wake ukakataa. Alimtazama, naye akamtazama. Kisha kijana akamwambia, andika *nazali*.

"Nazali, halafu?"

"Nazali. Njo vile."

Yaani niko. Kama mtu anavyokuuliza habari hapa Lubumbashi asubuhi ya kodi ya nyumba, nawe unamjibu: niko. Tangu siku hiyo, alisema, kila aliyepungukiwa kiungo alimwandikia hivyo, aombe asiombe. Sijui kama hilo lilikuwa haki yake. Nilitaka kumwuliza, lakini nilikuwa nimeahidi kutokatiza, na alikuwa ameshaingia kwenye habari za bei ya mchele.

Papa katekista aliposikia rekodi alivaa miwani, akaichukua tafsiri ya ile kadi ya Waingereza. Mstari wa kwanza ameuacha, "mimi mzima kabisa", kwa kuwa ndivyo jeshi lilivyochapa. Ule wa majeruhi ameuandika upya: "nimejeruhiwa, niko hospitali, niko." Si tafsiri sahihi. Nimeipitisha.

20 Julai

Kipindi cha tano, waliopotea. Nilidhani kitakuwa rahisi kwa kuwa takwimu zipo. Kumbe takwimu ndizo zinazokifanya kizito.

Clara Barton, Mmarekani, alifungua ofisi Washington mwaka 1865 kutafuta askari waliopotea katika vita vilevile vya Alcott. Mpaka anafunga mwaka 1868 barua zaidi ya 63,000 zilikuwa zimepita mikononi mwake na kwa wasaidizi wake, na watu kama 22,000 walijulikana walikoishia. Vyumba vyake vilisahauliwa, vikagunduliwa miaka ya 1990 jengo likiwa karibu kubomolewa. Geneva, 1914, Msalaba Mwekundu ulifungua wakala wa wafungwa wa vita katika jumba la makumbusho la Rath. Wanawake wa mji, wengi wao wa kujitolea, walijaza na kupanga kadi zilizofikia milioni saba. Na Vera Deakin, binti wa waziri mkuu wa zamani wa Australia, akiwa na miaka ishirini na tatu alifungua ofisi Cairo, Oktoba 1915. Watu wake walikwenda hospitalini kitanda hadi kitanda, wakawauliza majeruhi: fulani mlimwona wapi mara ya mwisho? Mmoja anasema nilimzika. Mwingine anasema hapana, alitekwa, alikuwa anatembea. Yote yaliandikwa, na mafaili zaidi ya 32,000 yamehifadhiwa.

Hapa majeruhi ndiye anayejua na mwanamke ndiye anayehitaji. Binti ameomba asome hiki kipindi akiwa amesimama. Sijui kwa nini, lakini sauti imetoka tofauti.

4 Agosti

Jaribio la kwanza la kusikiliza, uani kwa mama mkubwa, watu kama ishirini, mankoyo, kinywaji cha mahindi, ndoo moja. Kipindi cha kwanza kilikwenda vizuri hadi ile sehemu ya jibu lisilokuwepo. Sekunde kumi za kimya. Kwenye sekunde ya tatu mtoto akasema, "Imezima." Ya tano, mwenye spika akaipiga kofi. Ya saba, watu wanne walikuwa wamesimama kuangalia waya, na yaya alikuwa ananitazama mimi kwa utulivu wa mtu aliyelipwa deni lake lote na riba.

Kingine: mzee mmoja, aliyestaafu kwenye reli, aliuliza swali moja. "Na wetu?" Akasema mjomba wake alikwenda Burma, katika Vita vya Pili vya Dunia. Niliona haya. Nimezunguka Paris, Brighton, Cairo, na hospitali ya Kongo iliyokwenda vitani nimeiacha. Kikosi cha tiba kutoka Kongo ya Wabelgiji, watu weusi wapatao 350 na Wazungu 20, kiliwahudumia majeruhi wa Waingereza Abisinia (Ethiopia), Madagaska, kisha Burma. Juni 2022 huko Kinshasa mfalme Philippe wa Ubelgiji alimvika nishani koplo Albert Kunyuku, miaka 100, aliyekuwa Burma. Barua za watu hao kwenda makwao, au za yeyote kwenda kwao, sina hata moja mkononi. Kipindi cha sita kilikuwa cha hitimisho. Nimekifuta. Kitakuwa cha swali la mzee, na nimemwomba aje alirudie mbele ya rikoda kwa sauti ileile ya kunilaumu.

17 Agosti

Vipindi vinne vimekamilika, cha tano kinasubiri kusafishwa kelele za jogoo, cha sita bado. Sanduku lina pesa za esansi za siku mbili.

Suala la kimya limeamuliwa na mama mkubwa. Alisikiliza mabishano yetu, akauliza kwani hospitali gani hiyo isiyo na sauti. Yeye anakumbuka kikohozi. Usiku na mchana, kikohozi, kitanda baada ya kitanda, hata wakati mtu anakuambia maneno ya barua unangoja wenzake wamalize kukohoa.

Kwa hiyo leo mchana tumejifunika blanketi, watatu, yaya akiwa ameshika rikoda kwa nje, tukakohoa. Mama mkubwa alikaa kizingitini akiongoza. Binti alikohoa kama mtu wa sinema, akaambiwa apunguze. Papa alikohoa vizuri mara ya kwanza, umri. Kikohozi changu kilikataliwa mara tatu.

"Hapana," alisema. "Ule wa kitanda cha dirisha alikuwa anajizuiza. Hakutaka niache kuandika."

Tumerudia mara saba.